Aliyeomba Orodha Kila Asubuhi

Tik. Ulikuwa mlio mdogo wa shaba ikigonga plastiki, na mpaka leo nikiusikia mahali popote mgongo wangu hunyooka wenyewe. Mwalimu, ndivyo sote tulivyomwita, alivaa kastabini kwenye kidole cha kati, ile kofia ndogo ya shaba wanayovaa washoni wasijichome sindano, na hakuivua hata alipohama kutoka kwenye cherehani kwenda kwenye kompyuta. Akimaliza kuandika ombi lake la asubuhi, aliinua mkono kama anayevizia nzi, akakishusha kidole kwenye kitufe cha kutuma. Tik. Kisha akasema, "Haya, leta."

Hakuwa akisema na mimi. Alikuwa akisema na kompyuta zilizo ng'ambo, na alisema nazo kama mtu anayemngoja muuza maziwa aliyechelewa.

Alizaliwa wapi na ni wa mlango gani sikuwahi kumuuliza, na angeniuliza yanihusu nini. Nilimkuta mtu mzima tayari, ana chumba Likoni nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, cherehani upande huu, kompyuta upande ule, na katikati kiti cha magurudumu alichokisukuma kwa mguu kwenda na kurudi. Asubuhi alikuwa mlinzi wa tovuti, mchana fundi wa sare za shule. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mamangu alizikunja akaziweka chini ya godoro. Nilikwenda kufupisha sketi. Nikamkuta anasoma kitu kwa sauti kwenye kioo cha kompyuta, nikauliza ni nini, na badala ya kunijibu akanisogezea kibao cha kukalia. Sketi ilikaa pale mwezi mzima, na mimi nikakaa nayo.

Tovuti aliyoilinda ilikuwa ya kikundi cha maji. Sote tunajua maji ya huku yalivyo: yanakuja yakitaka, na yakikataa hayaagi. Basi mtu alifungua tovuti kwenye simu, akaandika mtaa wake na hali ya mfereji, yametoka, hayajatoka, yanatoka na kutu. Ujumbe ulitokea kwenye ubao wa tovuti, na gari la maji la kikundi lilipangiwa njia kwa kufuata ubao huo. Mtaa usioonekana ubaoni haukuona gari. Ilikuwa rahisi namna hiyo.

Sasa tovuti yenyewe haikukaa Likoni. Ilikaa kwenye kompyuta za kampuni kubwa inayokodisha nafasi, ndilo hilo watu wa kazi hii huliita wingu. Na mbele ya tovuti kuna ukuta, faiawoli kwa jina la kazi, wenye sheria za nani apite na nani arudishwe. Ukuta huo hauna tofali hata moja. Ukitaka kujua una sheria gani leo, huna budi kuliomba wingu likupe orodha.

Mwalimu alinieleza kwa harusi. Alisema hebu fikiri harusi ya wanawake, na mlangoni amekaa shangazi mmoja asiyetishika. Shangazi ana maagizo kichwani, moja baada ya jingine. Anayeficha simu ya kupigia picha, arudi. Aliyetukana mama wa bibi harusi mwaka jana, arudi. Kila anayekuja hupimwa kwa agizo la kwanza, kisha la pili, na la kwanza litakalomgusa ndilo litakalomhukumu. Lakini chini kabisa, Mwalimu akasema, kuna agizo la mwisho ambalo watu hulisahau: asiyeguswa na lolote, apite ale pilau.

"Hilo la mwisho ndilo harusi yenyewe," akaniambia. "Hayo mengine ni usumbufu tu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyeishi kwa kuzuia, na hakupenda kuzuia. Chumba chake hakikuwa na kufuli, kilikuwa na pazia. Nikamwambia Mwalimu, wewe mlinzi gani, usiku wakija kuchukua cherehani je? Akasema anayeibeba cherehani ile mpaka barabarani atakuwa ameifanyia kazi. Ilikuwa ya chuma, ya kizamani, na kweli haikuibwa. Lakini msimsikie mkadhani alikuwa laini. Wezi wa mtandao waliokuja kubisha hodi kwenye tovuti usiku kucha, programu zisizo na uso zinazojaribu maneno ya siri moja baada ya jingine, hao aliwafungia kwa raha kabisa. Aliandika sheria, akagonga kastabini, akasema, "Nenda kwa aliyekutuma." Kisha akanywa chai. Alidai hanywi sukari, na bakuli la sukari lilikuwa likijazwa na nani, sijui.

Simu yake ilikaa ndani ya mkebe wa unga, ati isimsumbue, na ikilia mkebe ulitetemeka juu ya rafu mpaka ukaelekea ukingoni. Kanisani alisinzia tangu mahubiri yaanze, na akitoka alimrekebisha mhubiri. Kuomba radhi hakujua. Siku moja alinigombeza mbele ya wateja kwamba nimepoteza mkasi, na mkasi ulikuwa umening'inia shingoni mwake. Kesho yake nilikuta zipu ya mkoba wangu, iliyokuwa imekufa tangu shuleni, inafunguka na kufunga kama mpya. Nilijua ndiyo hiyo radhi, na niliipokea.

Orodha ya asubuhi ilikuwa na utaratibu wake. Wingu halikupi sheria zote kwa mkupuo zikiwa nyingi. Hukupa fungu, na chini ya fungu huweka alama ya kusema bado zipo, ukitaka omba tena. Wengi huona fungu la kwanza limejaa kioo wakadhani wamemaliza. Mwalimu alikuwa anaomba mpaka alama isiwepo. Na hata nje ya kompyuta alikuwa vile vile. Ukimhadithia nani na nani walihudhuria msiba, alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wengine?" Watu walimkimbia kwa hilo.

Kila sheria aliisoma kwa sauti, nami kwenye kibao changu nilitakiwa kujibu maswali mawili. Inamzuia nani? Na nani mwingine ataumia? Swali la kwanza nililiweza upesi. La pili lilinitoa jasho.

Swali hilo la pili alilipata kwa makosa yake mwenyewe, na hakulificha. Kabla sijamjua aliweka sheria kwamba anwani moja ya mtandao ikituma maombi mengi mno kwa mara moja, ifungiwe. Ilikuwa sheria nzuri, ya kuwakomesha wale wabishaji. Asichokumbuka ni kwamba hosteli nzima ya wasichana wa chuo ilikuwa imenunua intaneti moja wakagawana, na ukutani wote walionekana mtu mmoja. Siku ratiba ya maji ilipotoka, wasichana wote walifungua tovuti pamoja, na wote wakafungiwa. Alipojua, Mwalimu aliiondoa sheria, akafunga leso kiunoni, akaenda kwa miguu mpaka kwenye geti la hosteli akiwa na ratiba mkononi, akawasomea mtaa kwa mtaa kwa sauti ya mtu anayenadi samaki. Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Alipomaliza akauliza kama kuna aliyekuwa ndani na hakusikia, aanze upya.

Ndiyo maana Katibu alipokuja na sheria yake, alikuja mahali pabaya.

Katibu wa kikundi hakuwa mtu mbaya wa kwenye hadithi. Alikuwa mpole, mwenye kusalimia watoto, na mikono ya shati lake ilikunjwa sawasawa. Alikuja mchana mmoja akakaa kwenye kitambaa cha sare bila kuangalia. Tatizo lilikuwa Mtongwe. Bomba la Mtongwe lilikuwa limekauka siku nyingi, watu wa huko wakawa wanaandika asubuhi, mchana na jioni, na ubao wote ukawa Mtongwe, Mtongwe. Wafadhili walikuwa karibu kuja. Wakifungua tovuti wakaona vile, alisema, wataona kikundi hakifanyi kazi, na watakaokosa ni Likoni nzima. Basi alitaka ukutani iwekwe sheria ndogo, ya muda tu: ujumbe wowote wenye neno Mtongwe urudishwe.

Mimi ni wa Mtongwe. Mamangu anaishi kule mpaka sasa, si mbali na kambi ya wanamaji. Nilitazama sakafu.

Mwalimu alimwuliza inamzuia nani. Katibu akasema wasumbufu. Akamwuliza nani mwingine ataumia. Katibu akasema hakuna, maana gari lenyewe halifiki Mtongwe, barabara mbovu.

"Katibu," Mwalimu akasema, "mimi nimefungia wezi ukutani hapo mpaka nimechoka. Sijafungia mtu kwa kosa la kuwa na kiu. Inuka, umekalia suruali ya mtoto wa watu."

Aliinuka. Alishukuru hata, kwa upole wake. Na jioni ile sheria ikawekwa bila sisi, maana Katibu naye alikuwa na funguo za wingu kama mwenye kikundi. Asubuhi Mwalimu aliomba orodha, akaiona pale, akaiondoa. Mchana ikarudi. Akaiondoa tena. Siku iliyofuata tik, na wingu likajibu kwamba hana ruhusa ya kuona orodha hii. Katibu alikuwa amempunguzia funguo. Tovuti ilibaki ya kwetu kuifagia, lakini ukuta haukuwa wa kwetu kuutazama.

Mimi nilidhani yameishia hapo. Thubutu. Kesho yake alivaa kastabini, akaandika ombi lile lile, neno kwa neno, akagonga. Huna ruhusa. "Asante," akasema, akasukuma kiti kwenye cherehani. Kesho kutwa vile vile. Jumapili kabla ya kanisa, vile vile. Siku zikapita, na kila siku akaomba akanyimwa, na kila aliponyimwa akashukuru, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nikamwambia Mwalimu, mlango umefungwa, unagonga wa nini?

Alikuwa na sindano mdomoni, akaitoa kwanza.

"Kule juu kila ombi huandikwa," alisema. "Lililokubaliwa na lililokataliwa. Nani aliomba, saa ngapi, akajibiwa nini. Katibu hawezi kulifuta. Siku mtu akitaka kujua nani alikaa kimya, jina langu asilikute."

Na Mtongwe? Watu wa Mtongwe ni wajanja, nasema kwa kujisifu. Walipoona ujumbe wenye jina la kwao haupiti, walianza kuandika mafumbo. Kule kwa wanamaji hayajatoka. Kule feri ya zamani, makavu. Kule kwetu mnakokujua. Mengine yalipita ubaoni, lakini dereva hakuyapangia njia, kwa sababu mtaa unaoitwa kule haumo kwenye ratiba. Mamangu alirudia kisima cha zamani, maji yake chumvi, chai yake kama umeililia.

Kikundi kiliitisha mkutano wa wanachama katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamekunjana kwenye madawati ya watoto. Katibu alisoma mitaa iliyoripoti ukame mwezi ule. Akafika mwisho, akakunja karatasi.

"Na wengine?" akauliza Mwalimu kutoka nyuma.

Katibu akasema ndiyo yote, Mwalimu. Mwalimu akasema siyo yote. Akaomba orodha ya sheria za ukuta isomwe pale, mbele ya watu, zote, mpaka alama ya mwisho. Katibu akasema, kwa upole, kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu na yangewachosha wazee.

"Sheria inayomrudisha mtu mlangoni ni habari ya huyo mtu. Hata kama imeandikwa kwa Kichina, asomewe."

Baadhi walipiga makofi. Wengine waliguna, maana gari lilikuwa linafika kwao, na anayefikiwa na gari hapendi mkutano mrefu. Mama mmoja wa Mtongwe, mtu wangu kabisa, aligeuka akamsihi akae. Alimwambia, "Mwalimu, sisi tutaandika kule kwa wanamaji, yaishe. Maji ni maji, jina si kitu."

Niliona uso wa Mwalimu. Hata Katibu hakuwahi kumfanya awe na uso ule.

"Ni kitu, mwanangu," alimjibu, na sauti ilikuwa ya chini mpaka waliokuwa mbele wakageuka kusikiliza. "Leo umeficha jina la kwenu upate ndoo. Kesho gari litakutafuta lisijue liende wapi. Mimi sitalinda mlango ambao mtu anaingia kwa kujikana."

Ningependa kuandika kwamba darasa zima lilisimama. Halikusimama. Ilipigwa kura ya kumwondoa, mikono ikainuka, na Mwalimu akaambiwa anashukuriwa kwa kazi yake. Wakaleta kijana wa kisiwani, ng'ambo ya kivuko, anayejua kompyuta. Mwalimu alikabidhi funguo zilizobaki palepale, na kesho yake asubuhi hakuwa na pa kuomba. Nilimkuta kwenye cherehani, kastabini kidoleni, anashona sare. Alifanya kola kinyume, akaifumua, akaifanya tena kinyume.

Mwaka uliofuata macho yake yakaanza kuingia ukungu, akafunga chumba akahamia kwa dadake Kiembeni. Mimi nikapata kazi ya kujibu simu katika duka la vifaa vya umeme. Jioni nikifika nyumbani niliendelea kujifunza kwenye simu, maana kichwani nilikuwa tayari nina chumba changu kikubwa, wasichana kumi na viti vyote vina magurudumu. Kuota hakuna kodi.

Kisha Katibu akanipigia. Kijana wa kisiwani alikuwa amepata kazi kwingine akaondoka bila kuaga, na tovuti ilikuwa inaanguka kila siku. Alisema nimefundishwa vizuri. Alisema nitapewa funguo zote, za kuona na za kubadilisha. Aliongea kwa heshima, wallahi, kuliko mtu yeyote aliyewahi kunipa kazi. Mwisho akakohoa kidogo. Ile sheria ya Mtongwe ningeiacha ilipo, alisema, kwa sababu ubao umetulia, na ukitulia tumeelewana.

Nilikwenda Kiembeni Jumamosi. Mwalimu alikuwa barazani kwa dadake, jicho moja limefungwa bandeji baada ya kutolewa mtoto wa jicho, la pili likisubiri zamu. Nilisema shikamoo. Akasema marahaba, umenenepa, nimesikia kwenye ngazi. Dadake akaleta mahamri na mbaazi, Mwalimu akamfokea kwamba mbaazi hazina nazi, kisha akala zote.

Nilimweleza yote. Kiti, funguo, sharti. Nilieleza vizuri, nikijitayarisha kugombezwa, kwa sababu ukweli ni kwamba kiti kile nilikitaka mpaka mikono ilikuwa inawasha. Nikamwuliza nifanye nini.

"Waniuliza mimi?" akasema. "Mimi sina ruhusa."

Akacheka peke yake kwa hilo, akajifuta chini ya bandeji. Nilingoja. Upande wa pili wa uwanja watoto walikuwa wanapigania baiskeli. Nilidhani sasa itakuja methali, au angalau tusi. Alipapasa meza akatafuta kikombe, nikamsogezea.

"Mama yako siku hizi anachota wapi?"

Nikasema kisimani bado.

"Kile cha chumvi."

"Kile."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa hali ya hewa, akaanza kunisimulia habari za daktari wa macho, ambaye naye alikuwa na makosa yake. Kuhusu kiti kile sikupata neno jingine mpaka jua lilipopungua. Aliponiaga alinishika mkono, akaukagua kidole kwa kidole, akasema kucha ndefu hivi zitanipunguzia kasi.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kikundi mapema, mlinzi alikuwa bado anafagia. Katibu alikuwa amenitumia funguo usiku. Nikaomba orodha. Wingu halikuniuliza mimi ni nani wa kutaka kujua, likaniletea fungu la kwanza, nikaomba la pili, nikaomba la tatu mpaka likasema hakuna zaidi. Wabishaji wa usiku walikuwepo, na wengine wapya. Neno la kwetu lilikuwa katikati yao, limewekwa kama jina la mwizi.

Nikaichagua ile sheria, nikabonyeza ondoa. Wingu likaniuliza kama nina hakika, nikaandika ndiyo. Likaondoa bila kelele.

Halafu nikatoa simu yangu, nikafungua ubao kama mwananchi mwingine yeyote, na pale penye nafasi ya mtaa nikaandika Mtongwe, herufi zote, na penye nafasi ya jina nikaandika jina langu na la mamangu. Hayajatoka. Nikatuma. Ujumbe ukatokea juu kabisa ya ubao. Simu ikaanza kulia mkononi mwangu, jina la Katibu kwenye kioo, ikalia mpaka ikachoka. Mtongwe ina mitaa mingi. Nikaandika wa pili.